Pamba Imesimama

Ngulyati, Bariadi
6 Oktoba 1997

Constantine, baba yangu,

Mwangaluka. Najua barua hii utaisoma jioni, ila mimi naiandika asubuhi, kwa hiyo itikia tu hivyo hivyo. Sisi huku ni wazima. Mzee wangu Salu mguu unamsumbua lakini mdomo hausumbuki, anaongea kutwa nzima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Dada yako Joyness alikuja kutusalimia kutoka kwa mumewe Shishiyu, amenenepa, na mkwe wangu Marcelo alikuja na baiskeli mpya akaiegemeza mahali ambapo kila mpita njia lazima aione. Huyo Nancy wako hajambo? Mzee anasema kama ni mkeo kweli basi umlete tumwone, asije akawa mke wa picha tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ghala la chama cha ushirika ni tupu. Miaka yote mwezi kama huu tunapanga foleni, karani anapima mbegu za pamba, tunagombana kidogo, tunarudi nazo nyumbani. Mwaka huu karani amekaa kwenye mlango wa ghala anaota jua. Anasema jineri ya chama kikuu, ile inayochambua pamba na kutoa mbegu, imelala, na wale wanunuzi binafsi walionunua pamba yetu mwaka jana waliondoka nayo na mbegu zake humo humo ndani, hakuna aliyerudisha hata debe. Soko huria tumeliona likija na malori ya kuchukua. Ya kuleta bado.

Watu wananifuata mimi. Bi Domitila jirani ndiye alianza, akasema, "Mama Joyness, mtoto wa kaka yako si ndiye mkubwa wa ugavi kwenye ile kampuni ya Mwanza?" Nikasema ndiye, mimi ndiye sengi yake, shangazi yake mwenyewe. Basi tangu hapo kijiji kizima kinasema mbegu ipo, iko kwa Klementina. Nami sikukataa, nilifurahi kuonekana. Lakini mvua ikianza kabla hatujapata cha kutia ardhini, hakuna ada za watoto, hakuna sabuni, hakuna hospitali. Niambie kama nimejisifu bure.

Sengi yako,
Klementina


Mwanza
24 Oktoba 1997

Mpendwa Sengi,

Nimeitikia mwangaluka yako, tena kwa sauti, mpaka katibu muhtasi akafungua mlango kuniangalia. Mimi ni mzima. Nancy ni mzima na ana habari ambayo nadhani ataiandika mwenyewe, ila nikudokeze tu kwamba Mzee Salu hatamwita tena mke wa picha, maana mwakani atakuja na mtu mwingine mgongoni. Pole kwa mguu wa Mzee.

Hukujisifu bure. Hata hivyo nikueleze hali ilivyo, kwa sababu watu watauliza. Ghala lenu ni tupu kwa mambo yaliyoanzia mbali sana. Fedha ya Thailand imeanguka tangu Julai, na nchi za jirani nazo zimefuata, sasa viwanda vya nguo vya huko vilivyokuwa vinachukua nyuzi zetu vimesitisha mikataba. Marobota yetu yamelala bandarini Dar es Salaam. Benki imeona hivyo ikafunga mkono, na bila benki hatununui dizeli wala hatukodi malori. Wataalamu wa hali ya hewa nao wanatangaza Elinino, kwamba reli na barabara zitakatika. Kila mtu hapa ofisini ameshika tama.

Mimi niliwaambia kwenye kikao kwamba kazi ya mtu wa ugavi ni kuwa na njia ya pili kabla ile ya kwanza haijafungwa. Mkurugenzi akasema, "Basi tuonyeshe hiyo njia ya pili." Nimeitafuta na nimeipata. Mbegu zitaanza kuja kwenu kabla madaraja hayajaharibika, halafu Shishiyu na kwingineko watafuata. Waambie watu walime, watengeneze matuta, wasiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Constantine


Ngulyati
18 Novemba 1997

Constantine, baba yangu,

Habari za huko, na huyo anayekuja mgongoni anaendeleaje? Mwambie Nancy aache kunywa chai kavu. Huku ni wazima. Mzee anadai mguu wake ndio uliotabiri mvua kabla ya redio. Aliposikia kwamba fedha ya Thailand imeanguka aliuliza imeangukia wapi, kwa nini watu wasiende kuiokota.

Mbegu zimefika. Lori lilipiga honi kuanzia kanisani hadi kwangu, watoto wakalikimbilia, na siku hiyo mimi nilikuwa mtu. Mwenyekiti mwenyewe alinibebea kiti. Tuligawa mpaka jioni, kila kaya ikapata, isipokuwa Domitila aliyesema ana zake za mwaka juzi kwenye chungu, zinamtosha, wenye watoto wengi wachukue. Mvua ilipopiga tulipanda wote kwa pamoja, vijana wa luganda, kile kikundi chetu cha kulima kwa pamoja, wakiimba shambani kwangu, na katika wimbo wakakutaja jina. Mzee Salu alijifanya mavumbi yameingia machoni, na mvua ilikuwa inanyesha.

Lakini nina swali. Magunia yalikuwa yamegeuzwa, ya ndani nje, maandishi yamefichwa ndani. Nani anageuza gunia kabla ya kulijaza? Nilimuuliza dereva mbegu imetoka wapi, akasema Mwanza. Mwanza hawalimi pamba mjini. Nijibu tu nijue, ili nikiulizwa nami nijibu.

Sengi yako,
Klementina


Mwanza
30 Novemba 1997

Mpendwa Sengi,

Nimecheka sana hiyo ya Mzee kuokota fedha. Mwambie nikiiona nitamwekea. Nancy anakula vizuri, anapenda viazi vyetu vikavu, michembe, usiku na mchana, kwa hiyo mkimpata mtu wa kuja huku tusaidieni. Nashukuru kwa wimbo. Sikulala siku niliyosoma habari za huo wimbo.

Hapa mambo yamebana. Lori la Shishiyu limeshapakiwa, lipo uani chini ya turubai. Mkurugenzi anataka liondoke kesho, mimi nimemwomba tusubiri kidogo tuone mbegu za kwenu zimeotaje. Amekubali kwa shingo upande. Kwa hiyo Sengi, nakuomba sana, niandikie upesi pamba ikoje. Huna haja ya kuandika mengi, hata sentensi moja inatosha. Mpe dereva wa basi mkononi, usipitishe posta.

Usiwe na shaka na magunia. Mambo ya ghalani hayo.

Mwanao,
Constantine


Ngulyati
11 Desemba 1997

Baba,

Naandika nimesimama, dereva anapiga honi. Huku mhola tu. Mzee hajambo, ndama hajambo, mvua ni nyingi ajabu, choo cha shule kimedondoka lakini hakikuwa na mtu. Simu ya posta Bariadi imekufa, nguzo zimelala chini. Pamba imesimama. Michembe ipo kwenye kifuko, imebaki kidogo, Nancy asiimalize siku moja.

Mbegu nilikuuliza zimetoka wapi, hukusema.

Klementina


Mwanza
19 Desemba 1997

Mpendwa Sengi,

Ahsante, ahsante, wabeja sana! Barua yako imefika saa ambayo Mkurugenzi alikuwa mlangoni kwangu kanuna. Nikamsomea palepale: "Huku mhola tu. Pamba imesimama." Akauliza mhola maana yake nini, nikamwambia ni salama, ni amani. Akacheka, akanishika bega. Lori la Shishiyu limeondoka mchana huo huo. Nimeagiza Joyness na Marcelo wawe wa kwanza kupewa, nao wagawe kwa majirani, maana watu wakipokea kwa mtu wanayemjua hawana maswali mengi.

Sengi, hujui umeniondolea mzigo wa namna gani. Kuna jambo lilikuwa linanikaa kooni, nami sasa naona halikuwa na msingi. Tuliache.

Nancy amemaliza michembe siku moja. Krismasi njema kwenu nyote, msalimieni na Padre Januarius.

Mwanao,
Constantine


Ngulyati
3 Januari 1998

Constantine,

Salamu zipo, utazikuta mwishoni kama nitakumbuka.

Nani alikuambia pamba imesimama vizuri? Mtu akikuambia gari limesimama njiani, utapiga makofi? Mvua ikisimama utasema inanyesha? Pamba imesimama, imegoma, haiendi! Iliota wiki mbili ikapendeza, ikafika hapa kwenye kifundo cha mguu, ikakaa. Wakati nakuandikia ilikuwa imekaa tu, nikadhani ni maji yamezidi. Sasa inageuka njano kuanzia ukingo wa jani, inalegea mchana kama imekatwa, jioni inajitutumua, kesho yake haiamki. Sio yangu tu. Ni mstari kwa mstari, shamba kwa shamba, kila aliyepokea kwenye lile lori.

Na wewe, mtoto uliyelelewa kwenye nyumba hii, umesahau kwamba mhola tunasema hata msibani? Mtu anafika kilioni, anaulizwa habari, anasema mhola, ndipo anaanza kulia. Umechukua salamu ukaifanya taarifa ya kampuni.

Kuna jambo baya zaidi, nalo ndilo linaninyima usingizi. Shamba moja tu ni la kijani, la Domitila. Liko katikati ya mashamba yetu yaliyokauka, nalo linapendeza. Watu wameanza kunyamaza akipita. Juzi kisimani mtu alisema kwa sauti kwamba kuna wanaovuta nguvu za mashamba ya wenzao usiku. Jana kulikuwa na mawe juu ya bati lake. Yeye ni mjane na macho yake ni mekundu kwa moshi wa jiko, na wewe unajua huku kwetu macho mekundu yanamfanyia nini mwanamke mzee.

Simamisha lori la Shishiyu. Kisha niambie ulitupa nini.

Klementina


Mwanza
9 Februari 1998

Mpendwa Sengi,

Barua yako ya tarehe 3 Januari imenifikia jana. Basi lilikwama Lamadi, daraja likaondoka na maji, mfuko wa barua ukarudishwa, sijui ulilala wapi. Lori nisingeweza kulisimamisha hata kama barua ingefika siku hiyo hiyo uliyoandika. Lilishafika na mbegu zilishagawanywa.

Nakuomba ufanye hivi kwanza. Chukua kisu, kata shina moja lililonyauka, karibu na ardhi, uangalie ndani. Kama ni jeupe, ni maji. Kama kuna duara la kahawia, ni mnyauko.

Mbegu zilitoka ukanda wa magharibi, zilikuwa za kukamulia mafuta. Zamani chama kikuu hakikuruhusu hata gunia moja la ukanda ule kuvuka kuja kwetu, kwa ajili ya ugonjwa huo. Soko huria lilipokuja marufuku ile haikufutwa, ila waliokuwa wanaisimamia waliondolewa kazini. Nilijua. Nilijiambia si kila gunia lina ugonjwa, na kwamba mkikosa msimu mtaumia kwa hakika, wakati ugonjwa ni wa labda. Ndiyo maana niliomba sentensi moja kabla ya lori la pili. Ulipoandika imesimama nikaisoma nilivyotaka iwe.

Mnyauko haupo kwenye mmea tu, unaingia ardhini na kukaa miaka mingi. Ng'oeni, chomeni, msilishe ng'ombe mabua yake, msipande pamba hapo. Nenda Shishiyu, umwambie Joyness afanye vivyo hivyo mapema. Mimi siwezi kuondoka, Nancy amezidiwa na Mkurugenzi hatoi ruhusa. Wakikuuliza sababu, sema ni mvua, sema ni wadudu. Usitaje kampuni, Sengi, wala usinitaje mimi. Nikifukuzwa hapa hatakuwepo hata mmoja wa kuwatetea.

Constantine


Ngulyati
1 Machi 1998

Constantine,

Mzee Salu anakusalimu. Hajui ninachoandika. Nancy mpe pole, mwambie mchaichai hupunguza kichefuchefu.

Nilikata shina. Lina duara la kahawia. Nikakata la jirani, nikakata la mwenyekiti, nikarudi nyumbani nikaketi kwenye kizingiti mpaka kuku wakaingia ndani.

Umeniambia niseme ni wadudu. Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa. Siku barua yako ilipofika, Domitila alikuwa ameshaondoka. Mtu alichoma zizi lake la mbuzi usiku. Alifunga chungu chake na blanketi, akaenda kwa kaka yake Dutwa. Alipita kwangu kuaga akasema, "Klementina, mimi sijawahi kumloga hata panya." Nami nilikuwa sijui bado, nikamwambia Mungu anajua. Laiti barua yako ingetangulia. Laiti ungekuja mwenyewe, maana lori lilipokuja na mbegu barabara ilikuwepo.

Nilisimama kwenye mkutano wa chama nikasema ni mbegu. Nikasema imeletwa na mtoto wa kaka yangu, na mimi ndiye niliyeigawa. Nilitamani wapige kelele. Walitoka mmoja mmoja, na mwenyekiti alichukua kiti chake akaondoka nacho. Lakini wameng'oa. Ngulyati nzima ilifuka moshi wiki ile. Vijana walituma mtu Dutwa kumwomba Domitila radhi, amekataa kurudi, na mimi ningekataa.

Halafu nikaenda Shishiyu, sehemu ya njia kwa miguu kwa sababu gari halipiti. Nilifika nikakuta pamba ya Joyness inafika kiunoni, nzuri, kijani, imeanza maua. Nikamwambia ing'oe. Alinitazama kama mtu amwonavyo mgonjwa. "Mama, hii? Hii unayoiona?" Marcelo akacheka, akasema wivu wa Ngulyati umetembea mbali. Nilikata shina, ndani jeupe. Nikakata jingine, jeupe. Marcelo akaninyang'anya kisu kabla sijafika mistari ya chini, kule maji yanakotuama, ambako niliona majani kadhaa yana njano ukingoni. Majirani zao wote wamepanda. Waliipokea kwa Joyness, na Joyness anawaambia kaka yake hawezi kumpa kitu kibaya.

Nilimwachia barua yako. Sijui kama ameisoma.

Klementina


Mwanza
20 Julai 1998

Mpendwa Sengi,

Nimekaa kimya muda mrefu, nisamehe. Nancy alijifungua salama mwezi wa sita, mtoto wa kike, ana sauti. Mnamsubiri najua, tutamleta hali ikitulia. Mzee anaendeleaje?

Pamba ya Shishiyu imeingia jineri. Walipoteza mistari ya mabondeni, lakini waliyovuna ni nyingi kuliko tulivyotegemea, na mwaka huu ambao mafuriko yamekumba kila mahali, Mkurugenzi anaiona kama muujiza. Sasa ameamua mbegu itakayotoka kwenye pamba hiyo isikamuliwe, ihifadhiwe, na mwezi wa kumi isambazwe kwa kupanda wilaya zote tunakonunua pamba. Ameniita mbele ya wenzangu akasema mimi ndiye niliyeiokoa kampuni wakati dunia imevurugika, kwa kuwa na njia ya pili. Nimepandishwa cheo. Mwisho wa mwezi huu tunahamia nyumba ya kampuni, ile ya Capri Point yenye geti la bluu.

Nilimweleza kuhusu Ngulyati. Akasema shamba moja bovu ni bahati mbaya, Shishiyu ndiyo ushahidi. Akasema bei ya nyuzi duniani iko chini, benki bado imefunga mkono, hakuna fedha ya mbegu nyingine. Hati ya kusambaza inasubiri saini yangu. Nikikataa ataweka mtu mwingine aisaini asubuhi hiyo hiyo. Nikikubali, labda nitaweza kupunguza, kuchelewesha, kuchagua wilaya. Nipe muda, Sengi. Usiseme zaidi kwa sasa. Nitapata njia.

Constantine


Ngulyati
2 Agosti 1998

Constantine, mwanangu,

Mtoto amezaliwa na jina hukuniandikia. Hongera zake na za mama yake. Mzee Salu amemwekea yule ndama wa ng'ombe mwekundu, na hilo halitabadilika kwa lolote utakalolifanya wewe. Mguu wake umepona. Sasa hana kisingizio cha kukaa.

Unasema nikupe muda. Kila muda niliokupa mtu mwingine aliulipia. Domitila amelipa, sasa yuko Dutwa anaishi kwenye jiko la kaka yake. Mimi nimelipa, shamba alilolima baba yako akiwa kijana halitaota pamba tena mimi nikiwa hai. Sasa unataka wilaya zote, na unaniomba ninyamaze mpaka mwezi wa kumi. Hapana, baba. Ninakupenda, hapana.

Nilikwenda tena Shishiyu. Safari hii Joyness hakunitazama kama mgonjwa. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mistari ya chini, ambayo sasa ni vijiti, akatoa kisu mwenyewe. Barua yako alikuwa ameisoma siku ile ile niliyomwachia. Aliificha kwa sababu ni yeye aliyegawa mbegu kwa watu wale kwa mikono yake, na alikuwa anaombea usiku na mchana kwamba umekosea. Tulilia, kisha akaamka akaenda kuwaita majirani, akawasomea barua yako neno kwa neno, pale ulipoandika "Nilijua" akaparudia mara mbili.

Walimuuliza anakaa wapi huyu kaka yako. Akanitazama mimi. Nami niliwapa, geti la bluu na kila kitu.

Hawaji kukupiga, nadhani. Wamebeba mabua kwenye gunia, yamekatwa yaonekane ndani. Wanataka uende nao ofisini kwa huyo Mkurugenzi, na mkitoka hapo kwa watu wa kilimo wa mkoa, ukaseme kwa mdomo wako mbegu ile ilitoka wapi na haifai kupandwa mahali popote. Ukikataa watasema wenyewe, na watakutaja. Marcelo yumo. Amenyamaza tangu tulipoondoka wote Shishiyu kuja kupanda basi hapa kwangu, nami simjui Marcelo aliyenyamaza, kwa hiyo mpe maji ya kunywa na umwongeleshe vizuri. Wengine wameacha watoto bila kujua watakula nini mwaka ujao.

Nimeogopa kuandika haya, nawe utaogopa kuyasoma. Barua hii haikupita posta wala kwa dereva. Ameileta Joyness mwenyewe, na sasa ulivyoinamia karatasi yuko mbele yako na wenzake wako nyuma yake. Ni dada yako, hajala tangu asubuhi. Mkaribishe, halafu umjibu yeye.

Sengi yako,
Klementina